Kibuyu cha Maji na Filamu ya Mwana Mpotevu

Mlipokuja kwangu Jumapili ile, vijana wa kanisa la Ukunda, mlinikuta naanika mbata za nazi. Mkanipa shikamoo mmoja mmoja, mkakaa kwenye jamvi, mkatoa simu zenu na kuniambia mnataka kutengeneza sinema za Injili. Mlikuwa mmesikia kwamba mzee Hamisi wa Msambweni ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema ya kanisa miaka ile uhuru ulipokuwa mchanga. Ni kweli, ndiye mimi. Mmoja wenu alishangaa kwamba Mwislamu alifanya kazi hiyo, akajaribu kuuficha mshangao wake ndani ya kikombe cha chai. Na yule mrefu aliyekaa karibu na mlango akaniuliza kama ile filamu ya mwana mpotevu iliyopigwa upande wa Kinango bado ipo. Sikumjibu. Jibu lake ni refu, na mbata zilikuwa zinataka kugeuzwa.

Nianze na habari ya Mwislamu, maana najua inawawasha. Nilijifunza mashine ya sinema Mombasa, kwenye nyumba moja ya sinema nilikoanza kwa kufagia maganda ya njugu chini ya viti. Fundi wa pale alikuwa mtu wa hasira, lakini alinifundisha kuunga filamu iliyokatika, kubadilisha balbu bila kuungua, na kukaa kimya watu wanapopiga miluzi. Nyumba ile ilipofungwa nilirudi Msambweni. Ndipo Mchungaji Elia, Mtaita mmoja mpole aliyekuwa na gari la kanisa na mashine mpya ambayo hakujua kuiwasha, alipokuja kuuliza kwetu. Mama yangu alimkaribisha, akamuuliza maswali mawili tu: mwanangu atalazimishwa kusali nanyi, na je, mnakula nguruwe? Mchungaji akasema hapana, na kuhusu chakula akasema safarini huwa wanakula maharage. Mama akasema basi aende.

Nikaenda, nikafanya kazi ile mpaka mashine yenyewe ilipozeeka. Sikubatizwa na hakuna aliyeniomba nibatizwe. Saa ya sala yangu ikifika nilitandika mkeka wangu nyuma ya landrova, na Mchungaji alikuwa akiwaambia watu wangoje kidogo, fundi anasali.

Ninyi mna bahati, kioo chenu kinaingia mfukoni. Sisi kioo chetu kilikuwa kitambaa cha marekani, upana wa nyumba, kimeshonwa na fundi cherehani wa Kombani. Cha kwanza alikishona vizuri mno, bila tundu hata moja. Tukakitundika Msambweni karibu na bahari, upepo ukakijaza, nguzo moja ikang'oka, na kitambaa kikaenda kuwafunika akina mama waliokuwa wamekaa mbele. Baada ya hapo tulikitoboa matundu madogo pembeni ili upepo upate njia. Kinango shida ilikuwa vumbi. Vumbi likiingia kwenye lenzi, kila mtu kwenye picha anakuwa na ndui. Nililifuta kwa brashi laini ya kunyolea ndevu, na nawaambia mpaka leo hakuna kilichoishinda. Jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo unaondoa kelele, na mtu mzima akae nayo, maana watoto watakwenda kuiangalia yenyewe badala ya picha. Na kila mahali pageni, mkae tayari kwa yule mtu mwenye heshima zake atakayeinuka kimya kimya, na tochi, kwenda kuangalia nyuma ya kitambaa wale watu wanakaa wapi. Msimcheke. Atarudi mwenyewe na kukaa, na atakuwa mtazamaji wenu mzuri kuliko wote.

Mashine ilikuwa yangu, lakini maneno yalikuwa ya mzee Yohana. Huyu alikuwa mtu wa Rabai, wa ukoo wa Wakristo wa zamani, mwembamba, mwenye sauti nzito ambayo hukutegemea itoke kwenye mwili ule. Filamu zilikuja kwa Kiingereza. Sisi tulizima sauti yake, na Yohana akashika kipaza sauti na kuisimulia hadithi kwa Kiswahili, akichanganya Kidigo au Kiduruma kutegemea tulipo. Nilimsikia akiisimulia hadithi moja mara nyingi sana, na kila mara ilikuwa mpya kidogo. Siku moja kijana mmoja wa kanisa alitaka kumsaidia, akashika kipaza sauti na kuanza: sasa mtu anatembea, sasa anakaa, sasa anakunywa. Yohana akamnyang'anya kwa upole. Akamwambia, "Usiseme kinachoonekana, mwanangu. Macho wanayo. Sema kisichoonekana."

Hilo liwekeni akiba. Mimi lilinifaa hata nje ya kazi.

Sasa, ilikuwaje tukapiga filamu yetu wenyewe? Ilianzia kwetu Msambweni. Tulikuwa na filamu iliyotoka ng'ambo, ya maisha ya Nabii Isa, ambaye Mchungaji alimwita Yesu, na humo alichezwa na mtu mwenye nywele za manjano. Uso wake ulipojaa kwenye kitambaa, watu wakaanza kuinuka. Hakuna aliyerusha jiwe wala kupaza sauti. Waliinuka mmoja mmoja, wakakunja mikeka yao, wakamwambia Mchungaji mtuwie radhi, wakaenda zao. Asubuhi maalim wa kwetu alikuja, akakaa na Mchungaji, wakanywa kahawa. Maalim akamwambia hadithi zao watu wangezisikiliza, zina adabu, ila sura ya nabii haichorwi wala haiigizwi, na wao hawataitazama. Tulipokwenda Mkwiro, kule ng'ambo kisiwani, wazee walituuliza neno hilohilo hata mashine haijateremshwa.

Mchungaji Elia alifikiri wiki nzima. Kisha akaja na jawabu ambalo mimi nililiona la busara: ile mifano aliyoifundisha Yesu haina nabii ndani yake. Ina wakulima, wanawake wanaofagia, baba na wanawe. Tukipiga picha ya mfano, kila mtu anaweza kukaa mpaka mwisho. Akachagua mwana mpotevu.

Kanisa likaleta mpiga picha kutoka ng'ambo, mtu mkubwa mwekundu ambaye jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Kamera. Alikuwa mtu mwema. Kiswahili chake kilikuwa asante na pole, na alivitumia vyote viwili kila wakati, hata pasipohitajika. Alikuja na kamera ya kupiga picha bila sauti na teprekoda ya kunasa sauti kando, na mimi nikawa na kazi ya kuviendesha pamoja siku ya kuonyesha. Mara ya kwanza nilipojaribu, teprekoda ilitangulia, punda akafungua mdomo na kusema kwa sauti ya Mchungaji kwamba njaa imeingia katika nchi. Yohana alilazimika kuketi kwa kicheko.

Wachezaji wa kwanza walikuwa vijana wa Mombasa. Waliishika fimbo ya kuchungia kama wanashika nyoka, kwa hiyo tukawarudisha. Mchungaji akasema tutafute baba wa kweli na mwana wa kweli, na hapo ndipo tulipokwenda kwa Mzee Mwangolo. Alikuwa Mduruma mwenye ng'ombe, mzee wa kanisa dogo la upande wa Kinango, mtu wa maneno machache. Mwanawe Tsuma alikuwa kijana mrefu, mchangamfu, na wakati ule alikuwa amekwisha posa. Mchumba wake aliitwa Umazi, binti wa Mzee Chirima wa mji wa jirani, na ukimtajia Tsuma jina hilo alisahau alichokuwa akifanya.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye neno. Mnaijua hadithi: kijana mdogo anamwendea baba yake na kumwambia, nipe fungu langu la mali. Katika kitabu ni mstari mmoja. Kwa Waduruma, na hata kwetu Wadigo, kumwomba baba aliye hai urithi wake ni kumchimbia kaburi akikuangalia. Tsuma alisimama mbele ya baba yake, akafungua mdomo, akafunga. Akajaribu tena, akaliambia neno lile sikio la mbuzi aliyekuwa amepita karibu. Bwana Kamera akasema pole, asante, tena. Mchungaji akamweleza kwamba ni mchezo tu, na ni Maandiko. Tsuma akamtazama baba yake.

Mzee Mwangolo akamwambia, "Sema, mwanangu. Tutalipoza."

Tsuma akalisema kwa Kiduruma, kwa sauti iliyojaa uwanja mzima, na teprekoda ikalinasa. Watu wa mji waliokuwa wakitazama wakashika vinywa.

Hapohapo Mama Tsuma akatoka jikoni na kibuyu cha maji, amekishika kwa mikono miwili, akaja moja kwa moja mpaka katikati ya mume na mwana. Mimi mtu wa pwani nilidhani ni maji ya kunywa, na Mchungaji wa Kitaita alidhani hivyohivyo. Bwana Kamera, aliyekuwa akitokwa na jasho tangu asubuhi, hakudhani chochote. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili kwa adabu zote, akanywa mpaka tone la mwisho, akasema, "Asante sana, Mama. Pole."

Watu wakacheka. Mama Tsuma mwenyewe alicheka, kaweka khanga mdomoni. Mzee naye akatabasamu. Mgeni haambiwi kwamba amekunywa kisicho chake, na jua lilikuwa linashuka, na Bwana Kamera alikuwa tayari anakimbiza kamera kwenye picha iliyofuata. Maji yale yalikuwa na kazi yake. Neno baya likipita kati ya baba na mtoto, baba huchukua maji kinywani, humpulizia mwanawe kifuani na kutamka kwamba moyo wake umepoa, na hapo neno linakuwa limekwisha. Siku ile halikwisha, kwa kuwa lilikuwa limeingia katika tumbo la Bwana Kamera.

Tukaendelea. Nchi ya mbali tuliipigia Galu, ufukweni, kwa sababu huko kulikuwa na hoteli moja iliyofuga nguruwe nyuma ya jikoni. Mimi nilikataa nguruwe kupakiwa kwenye gari langu la mashine, kwa hiyo badala ya nguruwe kumfuata Tsuma, Tsuma aliwafuata nguruwe. Katika picha ile, kama mngeiona, mngemwona kijana wa Kiduruma anagombania makapi, na nyuma yake mama mmoja wa Kizungu anapita na taulo, hana habari. Bwana Kamera alitaka kumkata. Yohana akamsihi amwache, maana kwa watu wa Kinango hakuna kitakachowaaminisha kwamba ile ni nchi ya mbali kuliko yule mama. Ndama aliyenona ndiye aliyetushinda. Mwaka ule mvua zilikuwa chache na ndama wote walikuwa mbavu. Bwana Kamera alilala kifudifudi vumbini akampiga picha kutoka chini, ili tumbo lionekane.

Filamu ikapelekwa kusafishwa, ikarudi katika magurudumu mawili. La kwanza linaishia Tsuma akiwa kwa nguruwe. La pili anarudi, baba anamkimbilia, pete, viatu, ndama, ngoma.

Tukaenda kuionyesha kwa wenyewe. Watu walikuja kutoka miji yote ya pale, na Mzee Chirima alikaa mbele na jamaa zake. Walicheka kwa mbuzi, walimshangaa yule mama wa taulo. Lakini neno lilipotoka kwenye spika, sauti ileile ya Tsuma, kubwa kuliko siku aliyolisema, nikasikia watu wanavuta pumzi. Gurudumu la kwanza likaisha. Nilikuwa nalifunga la pili wakati mvua ilipotushukia, ile mvua iliyokataa kuja mwaka mzima. Watu wakakimbia, jenereta ikanywa maji ikafa, na mashine niliiokoa kwa kuilalia. Tukapakia tukaondoka kabla barabara haijawa matope.

Hivyo watu wakaenda makwao na nusu ya hadithi. Kwa wao Tsuma alikuwa amemwomba baba yake urithi mbele ya kadamnasi, akaula, na sasa anakula na nguruwe. Walijua ni mchezo, msiwadhanie wajinga. Lakini walijua pia kwamba mdomo ulikuwa wake, sauti yake, na baba yake. Mzee Mwangolo alinyeshewa siku ile akapata kikohozi kilichomlaza, na kila aliyekwenda kumjulia hali alirudi akisema neno limemshika kifua.

Tsuma alitukuta Kombani tukitengeneza jenereta. Alikuja kwa baiskeli, uso wake umesinyaa. Mzee Chirima alikuwa amerudisha maneno ya posa. Alisema kijana hana ubaya naye, ila hawezi kumtoa binti yake katika nyumba ambamo neno kama lile linatembea bila mwenyewe, lisije likaangukia watoto. Umazi alikuwa amelia mpaka akanyamaza, na sasa kulikuwa na maneno ya kumpeleka kwa shangazi yake Taru, na mtu mwingine alikuwa amekwisha tajwa.

Tsuma akanitazama mimi, si Mchungaji. "Fundi," akasema, "mmeniacha kwa nguruwe."

Nilimwonea huruma kweli. Nilimwambia Mchungaji tukakionyeshe kipande cha pili upesi. Yohana, ambaye hakuwapo siku ile ila alijua mila za kule, akamweleza Mchungaji maana ya kibuyu, na Mchungaji akaweka mikono kichwani. Tulipofika kwa Mzee Mwangolo tulimkuta ameketi, amekonda. Akamwomba Mchungaji ruhusa: alitaka kulipoza neno mbele ya watu, kama lilivyosemwa mbele ya watu. Nyumbani alikwisha lipoza na mkewe akiwa shahidi, lakini Chirima alisema la hadharani halipozwi chumbani.

Mchungaji hakuwa mtu mgumu. Lakini Mzee Mwangolo alikuwa mzee wa kanisa, na kule juu kwa wakubwa wa kanisa walikuwapo watu waliohesabu kupuliza maji kuwa ushirikina, na walikwisha waondoa wazee wengine kwa madogo kuliko hayo. Akamwambia msamaha wote umo katika gurudumu la pili, watu wauone huo, utatosha. Mzee akasema sawa. Aliitika kwa heshima, nami nikaona hakukubali.

Jioni ile mbingu zilikuwa safi. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya sinema. Walikuja kuona Chirima atasema nini. Umazi alikaa upande wa wanawake, karibu na Mama Tsuma, na macho yake hayakuondoka kwenye mikono yake mwenyewe. Nilianza na gurudumu la pili peke yake. Baba akamkimbilia mwana, na kwa mtu mzima wa Kiduruma kukimbia vile si jambo dogo, watu wakaguna kwa kuridhika. Pete ikavishwa. Ndama akatokea na tumbo lake la uongo, wakacheka. Ikapigwa ngoma, na kitambaa kikabaki cheupe.

Mchungaji akamuuliza Mzee Chirima kama ameuona msamaha.

Chirima akainuka taratibu. "Mchungaji, mimi simkatai kijana, na ndugu yangu Mwangolo simkatai. Nyama nimeiona. Maji sijayaona."

Akaketi. Mchungaji akageuka kumtafuta Mzee Mwangolo kwa macho. Hapo nikamsikia Mzee Mwangolo akikohoa, akaja mpaka kwenye mashine, akaweka mkono begani mwangu.

"Fundi Hamisi," akasema, "waweza kunirudisha pale mahali pa neno?"

Nikamtazama Mchungaji. Mchungaji alitazama chini, kisha akaitika kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayesaini. Nikatoa gurudumu la pili, nikaweka la kwanza, nikalizungusha kwa mkono nikipima kwa kidole, na teprekoda nikaitafutia alama niliyoichora kwa chaki. Ni kazi ya polepole, na siku ile hakuna aliyepiga mluzi. Wakati huo Yohana alikuwa ameinama sikioni mwa Bwana Kamera, anamweleza kwa Kiingereza alikunywa nini siku ile. Niliona uso wa yule mtu kwa mwanga wa mashine. Hakusema pole wala asante. Aliinuka, akaenda jikoni kwa Mama Tsuma, akarudi na kibuyu kilichojaa, amekishika kwa mikono miwili kama alivyomwona yeye akikishika, bila kumwaga, akampa Mzee Mwangolo.

Nikawasha. Wakatokea kwenye kitambaa, baba na mwana, wakubwa, na mbele ya kitambaa wamesimama haohao, wadogo, wamekatwa na mwanga. Neno likatoka kwenye spika. Tsuma akapiga magoti. Nikaisimamisha teprekoda, na filamu nayo.

Yohana alikuwa na kipaza sauti mkononi. Akamuuliza Mchungaji kwa sauti ya chini aseme nini. Mchungaji Elia akamwambia, "Usiseme kitu. Macho wanayo."

Mzee Mwangolo akachukua fundo la maji, akaliweka kinywani, kikohozi kikampanda akakizuia, akampulizia mwanawe kifuani. Maji yalipita katika mwanga wa mashine yangu, na kwa kitambo kidogo yalionekana kila tone. Kisha mzee akatamka kwa Kiduruma, bila kipaza sauti, na kila mtu akasikia, kwamba moyo wake ni mweupe, neno limekwisha, mwanawe ana njia. Kivuli chake kilikuwa kimeangukia juu ya sura yake mwenyewe kwenye kitambaa, kikaifunika yote.

Chirima akainuka, akaenda akampa mkono. Akasema, "Sasa imekwisha," na wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesahau kusogeza filamu, balbu ikaanza kuichoma, nikazima haraka. Pale mahali pa neno palibaki na doa la kahawia mpaka mwisho wa siku zake.

Mchungaji aliitwa Mombasa kujieleza. Sijui alijieleza vipi, ila alirudi, na Mzee Mwangolo akabaki mzee wa kanisa. Kikohozi chake kilipona kwa dawa ya zahanati. Wapo waliosema ni maji yaliyokiponya, nami sikubishana na mtu.

Basi, wewe mrefu uliyekaa karibu na mlango. Filamu haipo. Joto la pwani liliikunja, ikanuka siki, ikatupwa. Na yale maji hayakupigwa picha, kwani Bwana Kamera jioni ile alibeba kibuyu, si kamera. Uliniambia unaitwa Tsuma wa Mwangolo, nikajifanya sikulisikia jina vizuri ili ulirudie. Ni jina la babu yako, na la baba yako ni la baba wa babu yako, kama mlivyozoea kupeana kwenu. Nenda kwa bibi yako Umazi. Nasikia bado ana macho makali, na siku ile, maji yalipopulizwa, ndipo alipoyainua macho hayo kutoka mikononi mwake. Mwombe akuhadithie, nawe umpige picha kwa simu yako. Na akikutolea maji katikati ya maneno, mjukuu wa Tsuma, usiyanywe upesi. Muulize kwanza ni ya nini.